Chuma Kilicholia Mezani

Nakumbuka siku moja kabla ya kumzika mama yangu, hapa hapa Katelembo, kwaya ilikuja nyumbani kufanya mazoezi ya nyimbo za mazishi. Nilikuwa msichana wa kidato cha pili. Tangu habari itufikie sikuwa nimelia wala kusema lolote, na shangazi zangu walinisifu kwamba nimejikaza. Watu wetu, mwanangu, wanampenda sana mtu aliyejikaza, hata akiwa anaungua ndani.

Mwalimu wa kwaya, mzee Mutinda, hakunisifu. Aliniita kwenye meza ya chai, akatoa mfukoni kile chuma chenye miguu miwili alichotumia kutafutia sauti ya wimbo. Akakigonga gotini, akakiinua. Niliona miguu ikitetemeka, lakini sauti ilikuwa ndogo hata akalazimika kukisogeza sikioni. Akakigonga tena, safari hii akakisimamisha kwa mpini wake juu ya meza. Meza nzima ikalia, wanakwaya wakageuka. Kisha ikanyamaza upesi.

"Unaona? Hii miguu ni nyembamba, inasukuma hewa kidogo tu. Ukishika chuma hivi juu, inatetemeka muda mrefu na hakuna mtu anaskia. Ukiweka kwa meza, meza pia inatetemeka, inasukuma hewa mingi. Inalia sana, lakini inaisha haraka, sababu nguvu imegawanywa."

Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi si chuma.

"Ndio, wewe si chuma. Chuma haiwezi kutembea ikatafute meza. Baba yako ako pale nje, enda."

Nilimkuta baba kando ya tangi la maji, amesimama tu. Nikasema "Mama," basi, neno hilo moja. Tulilia kwa sauti mbele ya wageni, wala sikuona haya. Sikudanganyi kwamba uchungu uliisha. Ila usiku huo nililala.

Sasa tumemzika kaka yako, nawe unapita humu ndani umefunga mdomo huku majirani wakikusifu. Usiwasikilize, mwanangu. Huzuni usiikalie peke yako. Mtafute mtu, ulie naye, hata kama nyumba nzima itasikia. Kesho asubuhi nitakuwa jikoni nachambua ndengu. Njoo ukae nami. Mwenyezi Mungu akufungue kifua, akurudishie usingizi wako. Na ukishindwa kuanza, nitajaribu kuanza mimi, maana tangu tutoke kaburini, mimi mama yake sijaweza kulitaja jina lake.