Barabara Isiyopita Sidab

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja ya serikali hapa Maskati. Mbele yangu bibi mmoja, buibui limepigwa pasi, aliuliza habari za barabara kubwa iliyokuwa ipite bondeni, nyuma ya kwao Sidab.

"Haipiti tena, bibi," karani alimjibu. "Bonde lile ni hifadhi ya paa. Kanuni zinakataza."

Nikadhani atalalamika.

"Basi niandikie, mwanangu, unipigie na muhuri. Wanangu wako Wattaya. Walisema barabara mpya ikishapita watakuja kila Ijumaa. Majirani wananiuliza mbona hawaji. Sasa nna cha kuwaonesha."

Karani akaandika, akagonga muhuri mara mbili. Bibi akaikunja karatasi polepole, akaitia kifuani.

Alhamdulillahi, paa wamelindwa. Na wale wanawe wa Wattaya pia wamelindwa.

Nilimchukua kwa gari mpaka kwao. Akanikaribisha ndani ninywe kahawa, nikamwambia nna haraka, akanitilia kwenye kikombe cha karatasi. Nikashika barabara ile ile ya zamani. Nilipofika Wattaya, kahawa ilikuwa bado ya moto.