Taa Nane za Fundi Shamsi

Mwaka 1954 Fundi Shamsi Usi alikuwa na miaka hamsini na mbili, na nyumba nyingi za Mlandege ziliwaka taa kwa nyaya alizozitandaza yeye. Umeme hakuusomea darasani. Alijifunza kwa kumshikia ngazi mzee Sultanali, mpaka mzee alipochoka akamwachia begi la vyombo.

Kwaresima ile aliitwa kanisani. Mwalimu Mashavu, Mkristo wa Mbweni, alikuwa akiwatayarisha wanakwaya waigize mateso ya Yesu, na alitaka taa nane zimulike jukwaa mbele ya altare. Jirani mmoja alimuuliza Shamsi vipi Muislamu aende kufunga taa kanisani.

"Umeme hauna kibla," akajibu, akajitwika ngazi yake.

Siku ya kwanza alifunga taa tatu. Asubuhi ya pili, yuko juu kwenye boriti, bisibisi ikamponyoka. Akadhani ni jasho. Mwalimu Mashavu akaiokota, akapanda vidato viwili kumrudishia. Ikamponyoka tena. Hapo Shamsi akautazama mkono wake wa kulia, akautaka ukunje ngumi. Vidole havikutikisika.

"Fundi, kuna nini?"

"Hamna kitu. Nnashuka."

Alishuka akiikumbatia ngazi kwa mkono wa kushoto, mguu wa kulia ukipapasa kila kidato. Chini akaangukia benchi. Mdomo ulishaanza kumpinda.

"Mkono haunisikii, mwanangu," alisema. "Nenda mlangoni, zima swichi kubwa. Nyaya ziko wazi kule juu."

Mwalimu akakimbia kuzima, kisha akatafuta gari, akampeleka hospitali.

Siku ya nne Mwalimu alikuja wodini na karatasi na penseli. Bi Mwanamkasi, mke wa Shamsi, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Shikamoo, Bi Mwanamkasi."

"Marahaba, mwanangu. Anakusikia, ila maneno hayatoki."

Mwalimu akainama. "Fundi, taa tano zimebaki na sijui waya upi unakwenda wapi. Nchoree tu."

Shamsi alijua kila waya. Aliziona nyaya zote kichwani, tangu swichi hadi boriti ya mwisho. Alifungua mdomo, ikatoka sauti isiyokuwa neno. Akaikamata penseli kwa mkono wa kushoto, akachora mstari, na mstari ukateleza nje ya karatasi ukaingia kwenye shuka. Akajaribu tena. Mwalimu aliigeuza karatasi huku na huku, akaikunja taratibu akaitia mkobani.

"Ahsante, Fundi. Tutaona," alisema, na Shamsi akajua kuwa hakuelewa hata kidogo.

Jumamosi, siku moja baada ya Ijumaa Kuu, Mwalimu alirudi. Alisema mchezo ulikwenda vizuri, watu walilia. Fundi mwingine, Hamad wa Mpendae, ndiye aliyezifunga taa.

Shamsi akanyanyua vidole vitatu vya mkono wa kushoto.

"Zile tatu zako alizing'oa," Mwalimu alisema. "Alisema hawezi kufuata kazi asiyoijua mwanzo wake. Akaanza upya."

Shamsi aligeuza uso ukutani. Mwalimu aliaga mara mbili, akaondoka.

Bi Mwanamkasi akapoza uji kwa kuupuliza. "Geuka, baba, ule." Hakugeuka. Akamshika kidevu, akamgeuza mwenyewe, akamtia kijiko mdomoni. Nusu ya uji ikamtiririka shavuni, naye akaufuta kwa upindo wa kanga, akachota kijiko kingine.