Mafua ya Bi Muhiba

Majengo nzima hakukuwa na mwanamke mwenye sauti kama ya Bi Muhiba, na aliyelijua hilo kuliko wote ni yeye mwenyewe. Miaka ishirini aliongoza nyimbo kwenye harusi zetu. Mwaka wa sabini na nane mjukuu wake Mgeni, aliyemlea tangu mama yake afariki, akaposwa na kijana wa Mombasa. Bibi akaapa kumwimbia wimbo ule ule aliomwimbia mamake alipoolewa.

Ila ilikuwa Julai, baridi kali, na mtaa mzima unapenga kamasi. Bibi akawaza. Surua si mtu huugua mara moja tu? Basi ayaugue na mafua mapema, ayamalize! Wiki tatu kabla ya harusi akapita kwa kila mgonjwa akikumbatia watu na kuwanywea chai yao. Yakamshika barabara.

Norah, jirani yetu nesi kutoka Kisumu, alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, surua ni moja, mafua ni ukoo mzima. Mwili ukipigana na mmoja unaikariri sura yake, lakini binamu yake akija haumjui. Na hata huyo wa kwanza, mwaka ukipita unaanza kumsahau. Kuna mmoja wazungu wamemwita korona, huyo hurudi kwa mtu yule yule bila haya."

"Mwili wangu mimi husahau?" Bibi akafoka. "Haujasahau hata matusi ya mwaka wa arobaini!"

Alipopona, weh! Akatembea kifua mbele. Siku nne kabla ya harusi akanikuta barazani, pua imeziba, nanywa kahawa. "Pigeni chafya nyie, mimi nishamaliza!" Akaninyang'anya kikombe, akanywa yote. Ningemzuia. Lakini maringo yake yalishanichosha, nikasema moyoni, kunywa bibi, tutaona.

Tukaona. Siku ya harusi alifungua mdomo, ikatoka sauti ya bawaba kavu. Wanawake tukaangua kicheko. Gari la Mombasa linangoja, Mgeni akampigia magoti. "Bibi, wimbo wa mama." Bibi akachezesha midomo tu, machozi yanamtiririka. Gari likaondoka.

Sauti ilirudi baada ya wiki. Akauimba wimbo wote peke yake, akianika nguo uani. Nikampelekea kahawa.

"Yale mafua ya pili," akaniuliza, "sijui niliyatoa wapi?"

Nikamwambia hata mimi sijui.