"Mlaji hatazamwi": Mzee Mwayo na kijiko cha Masele

ALHAMISI, tarehe 10 Oktoba 1974, jua la utosini. Mwamvita binti Yahaya ameketi mkekani, nje ya nyumba iliyokwisha kuezuliwa paa, akingoja lori la kuwahamishia kijiji kipya. Mumewe, Nassibu, anampa maji ya kunywa. Maji yanamwagikia kifuani. Kinywa cha Mwamvita kimekwenda upande, na mkono wake wa kulia umelala pajani kama si wake.

"Nikamwambia mwenyekiti, huyu apelekwe mjini sasa hivi," anasimulia Nassibu. "Akanijibu lori ni la operesheni, si la wagonjwa. La wagonjwa liko wapi? Hilo akasema si la kwake kujibu. Basi ndio wakubwa wetu. Kuezua paa la mtu ni kazi yao, kumtafutia gari si kazi yao."

Mwamvita alifika Tabora mjini kesho yake, juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Hospitali waliyomlaza, ambayo wenyewe wameomba tusiitaje, ina amri moja: saa za chakula ndugu wasiingie wodini. Uji ulikuwa ukiingia kwa mgonjwa na kutoka vilevile, umeganda. Mwezi haukuisha, Nassibu akawa mgane.

Shambani hakurudi. Aliomba kazi pale pale hospitalini, akapewa kitoroli cha uji.

Leo ni Julai 1976, na kitoroli hicho kinalia magurudumu kama paka aliyekanyagwa. Nassibu anakisimamisha kando ya kitanda, anajaza kijiko, anakipeleka kwa mgonjwa. Hapo ndipo mtu akimwangalia vizuri atacheka: kijiko kikikaribia mdomo wa mgonjwa, kinywa cha Nassibu mwenyewe kinafunguka, kipana, meno yote nje. Mgonjwa naye anafungua chake.

Mwenyewe hajui kama anafanya hivyo. Wauguzi wamempa jina, Mzee Mwayo.

"Mzee Mwayo, funga, nzi ataingia," anamtania muuguzi Pelagia.

"Aingie, mwanangu. Nyama jikoni mara ya mwisho ilikuwa Sabasaba."

Mtu wa kwanza kumtazama bila kucheka ni Daktari Taramati, binti wa Vinod, yule muuza vitambaa wa mjini. Amesoma ng'ambo mambo ya ubongo, na mwezi huu amerudi kwao kwa treni akiwa na mashine ya kuazima kutoka Dar es Salaam. Mashine hiyo ina nyaya za kubandikwa kichwani na kalamu zinazochora juu ya karatasi umeme mdogo mdogo wa ubongo.

Daktari huyu akizungumzia kazi yake hawezi kukaa kitini.

"Kuna wimbi fulani," anasema, akichora hewani kwa kidole. "Ukitulia, linacheza. Ukiinua mkono, linalala. Sasa sikiliza ajabu yake: hulala hata ukiwa umekaa tu, unamtazama mwenzio akiinua wake. Ukiona mtu anajikwaa, mguu wako si hushtuka? Mimi nautafuta mshtuko huo. Unaanzia wapi, na je, ndio mlango wa huruma?"

Nassibu alikataa kufungwa nyaya.

"Baba yako aliniuzia yadi tatu, kufika nyumbani zikawa mbili na nusu. Leo wewe unataka na kichwa?"

"Shikamoo kwanza, baba."

"Marahaba."

"Kichwa nitakirudisha kizima, na hiyo nusu yadi nitamdai mzee Vinod mwenyewe."

Akakaa. Pelagia akaketi mbele yake, akatafuna karanga. Wimbi likalala, na daktari akapiga makofi kama mtoto. Wakarudia. Safari hii kalamu zikaendelea kucheza kana kwamba Nassibu haoni kitu.

"Baba, ulikuwa unamtazama?"

"Macho yalikuwa kwa Pelagia. Akili ilikuwa kwa mwenyekiti wa kijiji."

Daktari Taramati alicheka mpaka akashika meza. Macho peke yake hayatoshi, akasema. Lazima na moyo uwepo hapo hapo.

Siku zile zile wodini alikuwapo Masele, mkulima wa tumbaku kutoka upande wa Kaliua. Kiharusi kilimchukua sauti na nusu ya mwili. Koo lilikuwa zima, madaktari walihakikisha, lakini kinywa hakifunguki kwa muuguzi wala kwa Mzee Mwayo. Macho yake yalikuwa mlangoni tu. Uongozi ukaamua: asipoanza kula, Jumamosi anarudishwa kwao, kitanda kinatakiwa. Kila mtu alijua kurudishwa huko maana yake nini.

Nyuma ya mlango alikuwa Minza, mkewe.

"Nilipomwona kasimama pale, nilisikia damu inachemka," anasema Nassibu. "Nikamwambia binti Vinod, mwingize huyu, au mimi hapa nauvunja mlango nifukuzwe kazi."

Daktari akaenda kwa mkuu wa wodi.

"Ndugu hawaruhusiwi," akaambiwa.

"Huyu si ndugu," akajibu daktari, uso mkavu. "Ni sehemu ya mashine."

Minza akaingia. Aliketi, akajaza kijiko, akainamisha uso, akakipeleka huku anatazama sakafu. Masele hakufungua. Akapeleka tena. Uji ukatiririka kidevuni.

Daktari akachutama karibu yake. "Mama, mbona humtazami?"

"Mtu akila hatazamwi, daktari. Nimkodolee mume wangu macho kama mlafi?"

Hata daktari mwenyewe, anasema, mama yake alimfinya sana kwa kosa hilo. Wauguzi wote wa wodi ile wamelelewa hivyo: kijiko mbele, macho kando. Adabu nzuri kabisa, na wagonjwa wanalala njaa.

Nassibu akasogea. "Mtazame, mwanangu. Aibu nipe mimi niibebe, nimeizoea."

Minza akainua uso. Akamtazama mumewe kinywani kwa mara ya kwanza katika ndoa yao. Kijiko kilipofika karibu, midomo yake ikaachana yenyewe, polepole. Ya Masele ikatetemeka. Ikaachana. Uji ukaingia. Koo likapanda, likashuka.

"Kameza," akasema Pelagia. "Wallahi kameza."

Nassibu aligeuka kumtazama, akakuta wodi nzima, wauguzi kwa wagonjwa, waliosimama na waliolala, vinywa wazi. Hakuna aliyemwita mtu Mwayo siku ile. Masele akamaliza bakuli, na Jumamosi ikapita yumo kitandani mwake.

Daktari Taramati anafurahi, ila anatahadharisha. Mgonjwa mmoja si ushahidi, anasema, na asije mtu akaandika gazetini kwamba huruma imepimwa kwa kalamu. Anataka awajaribu wengi.

Tatizo ni kwamba mwisho wa mwezi huu mashine inarudi Dar es Salaam, na uongozi umesema wazi: mashine ikiondoka, Minza naye anaondoka, kwa kuwa yeye ni sehemu yake. Masele bado hali kwa mkono wa mtu mwingine.

Nassibu amekwisha kwenda mbele ya kamati ya hospitali kuomba kila mgonjwa aruhusiwe mtu wake mmoja saa ya chakula. Aliambiwa suala lake litafikiriwa.

Hakukata tamaa. Mpango wake sasa ni kuwaomba wanakamati waje wodini kabla treni haijaondoka na mashine, mmoja mmoja, wafungwe nyaya, wamtazame Masele akipelekewa kijiko na mtu asiye wake.

"Mimi sikusoma," anasema, akikisukuma kitoroli chake. "Lakini kuna jambo nimemuuliza binti Vinod, akasema hajui, maana wa kupimwa hajajitokeza. Mtu akikaa kwenye kiti cha ukubwa miaka na miaka, akamtazama mwenzake ana njaa, lile wimbi lake bado hulala?"