Mwiko wa Chumvi na Damu ya Mwaija

Kuna watu hulinda geti la zahanati misimu miwili, wakatoka na udaktari. Sadala wa Mashewa ni mmoja wao. Sindano hajawahi kuishika, ila ukikohoa mbele yake ameshakuandikia dawa kwa mdomo. Mdogo wake Mwaija, mama lishe wa Masuguru, ndiye aliyejaliwa kaka huyo, na hapakuwa na pa kumrudisha.

Mwaija alikuwa na ugonjwa wa akili unaopanda na kushuka. Ulipopanda, hakulala; aliwapikia Masuguru nzima bure na kugawa sufuria kama peremende. Uliposhuka, alilala akitazama ukuta, watoto wakila kwa jirani. Kilichomrudisha jikoni ni vidonge vya lithiamu. Hospitali ilimweleza kwamba dawa hiyo ina ubishi wake: ikipungua kwenye damu haisaidii, ikizidi inageuka sumu. Ndiyo maana kila alipopangiwa alikwenda kutolewa damu asubuhi, kabla hajameza cha siku hiyo, wajue imefika wapi.

Sadala hakuridhika. Hospitali inatibu kichwa, alisema, na mashetani je? Akampeleka kwa mganga huko Magoma. Wakarudi na mizizi na mwiko: asionje chumvi mpaka mwezi mwingine uandame, wala asimwambie mtu, maana mwiko ukitajwa umevunjika.

"Tunawapiga pande mbili!" Sadala akajigamba. Jemadari mzima, vita hajaviona.

Basi Mwaija akawa anawapikia wateja chakula kitamu, yeye pembeni anameza bada, ugali wa muhogo, kwa mlenda usio na chumvi, uso umemkunjamana. Vidonge akaendelea navyo vilevile. Mwezi haujaisha, mikono ikaanza kumtetemeka, chai ikiwamwagikia wateja mapajani. Kukafuata kuhara, kutapika, na kuyumba kama mlevi wa boha.

"Si nilisema?" Sadala akadakia, ambaye hakuwa amesema kitu. "Hizo dawa za hospitali zinakuua. Tupa chooni!"

Mwaija aliukumbuka ule ukuta. "Kaka, nikizitupa narudi kulekule. Nipeleke kwanza wakanipime damu."

Hospitalini Sista Yusta alimtoa damu, kisha akauliza, "Mama, kuna kitu umebadilisha? Chakula, maji, dawa nyingine?"

Mwaija akatazama sakafu. Mwiko hausemwi. Alikuwa tayari kufa nao, na angekufa kweli, lakini Sadala hawezi kukaa mahali maelezo yanatolewa na yeye hayumo.

"Sista, na mimi ni mtu wa afya," akasema, kifua mbele. "Huyu chumvi hajaionja tangu mwezi uandame. Nimemsimamia mwenyewe."

Yusta akaacha kuandika. "Hata kidogo?"

"Hata punje!"

"Baba, ndiyo umemharibu hapo. Chumvi ikipungua mwilini, figo zinaing'ang'ania hiyo dawa badala ya kuitoa. Inajaa kwenye damu. Mwenzako anameza kidonge kilekile, wewe unamgeuzia kuwa sumu."

Sampuli ilipelekwa mbali kupimwa, lakini daktari hakungoja majibu. Alisimamisha vidonge, akaamuru atundikiwe dripu. Sadala, sauti imemnywea, akauliza kwenye ile chupa kuna nini.

"Maji na chumvi," Yusta akamjibu.

Mama wa kitanda cha pili alicheka mpaka akajishika mshono.

Majibu yalipokuja, dawa ilikuwa imepita kiasi, tena sana. Mwaija akapona taratibu. Daktari akamrudishia vidonge kwa kipimo alichokipanga upya, na siku ya kutolewa damu tena ikafika. Sadala akatokea mlangoni amepiga pasi shati, kalamu mfukoni, eti anamsindikiza mgonjwa wake.

"Baki hapa, kaka," Mwaija akasema huku anafunga mtandio. "Sista akiniuliza, leo nitajibu mwenyewe. Yote."

Akatoka peke yake, kidonge cha asubuhi bado hajakimeza.