Siagi kwenye Nguzo ya Yadata

Ukitaka kahawa nyumbani kwa Yadata, lipa kwanza kwa magoti. Ndivyo tunavyotaniana hapa kijijini kwetu, huku Wolega, Ethiopia. Kahawa itakaangwa, itatwangwa, itachemka mpaka harufu ifike kwa jirani wa tatu, lakini hakuna kikombe kitakachoinuliwa kabla Yadata hajamaliza sala ya jioni. Ataombea mvua, ataombea serikali, ataombea wamisionari waliokwisha kufa, na ng'ombe anayempiga ndama wake mateke. Mimi ni jirani yao na nanywa kahawa pale karibu kila siku. Magoti yangu ni mashahidi.

Lakini simulizi hii ni ya Sorse, mkewe. Yadata ni mzee wa kanisa, na watu humsifu kwamba ni kichwa cha nyumba. Shingo nani anaisifu? Sorse ndiye aliyewafundisha watoto mistari ya Biblia huku akipalilia mahindi. Yadata akienda kwenye vikao vya kanisa, na vikao haviishi, Sorse ndiye anayeongoza sala. Wakitangaziwa mfungo, anafunga yeye, na bado anawapikia wasiofunga. Siku moja nilimuuliza kama hachoki. Akaniambia amechoka tangu Obse alipozika mtoto wa pili, ila uchovu haujawahi kumpikia mtu chakula.

Obse ni binti yao. Kwetu binti hurudi kwa mama yake kujifungua, na Obse alikuwa amerudi mara mbili, na mara zote mbili mtoto alitoka nyumbani humo amefungwa kwenye shuka. Safari hii alikuwa amerudi na mimba ya tatu, kubwa, na uso wake umekonda. Sorse aliniambia waziwazi tukiwa kisimani: mtoto huyu naye akifa, hajui kama atapiga magoti tena mbele ya mtu yeyote, awe Mungu, awe Yadata.

Sasa, katika nyumba hiyo ya sala mlikuwa na shanga. Zilikuwa za mama yake Yadata, Bibi Dirribe, ambaye siku hizi analala tu nyuma ya kizuizi cha mianzi. Ni shanga za Atete, ambaye wanawake wa zamani walimwomba watoto, na zilitundikwa kwenye nguzo ya kati. Yadata alipookoka alichoma vitu vyote vya baba yake mbele ya kanisa zima, watu wakaimba. Shanga hakuzigusa. Mwanamume wa kwetu hagusi shanga za Atete, na hata hawa waliookoka, mikono yao haijaokoka sawasawa katika jambo hilo. Zinatoka kwa mama mkwe kwenda kwa mke wa mwanawe, basi.

Bibi alikuwa akimbembeleza Sorse azivae, na Sorse akikataa kwa adabu. Yadata naye alikuwa akimwamuru Sorse azitoe zikatupwe, na Sorse akikataa pia. Alisema hatamnyang'anya kitu mwanamke asiyeweza kuinuka kitandani. "Ni mama yako. Mwambie wewe." Hapo Yadata alikuwa akikumbuka kikao. Kwa hiyo shanga zikabaki palepale, na tangu mikono ya Bibi ilipoishiwa nguvu, baada ya msiba wa pili, hapakuwa na mtu wa kuzipaka siagi. Zikawa nyeusi kwa moshi.

Siku za Obse zilipokaribia, Sorse aliniita asubuhi moja akiwa ameshika ufagio. Akanionyesha nguzo. Shanga ziling'aa. Siagi mbichi, ya juzi au jana. Nikamwambia, kama ambavyo mtu yeyote angesema, kwamba ni Obse. Mwanamke mwenye hofu ya uzazi hushika hata moto. Sorse akaisogelea nguzo, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia nirudi jioni.

Nilirudi. Yadata alikuwa ameshafika kwenye serikali, kahawa inachemka, sisi tumepiga magoti, Sorse aliposema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Obse, ishia hapo kwanza." Tangu niijue nyumba ile, hakuna aliyewahi kuikata sala ya Yadata.

Akamwambia kuna siagi kwenye shanga. Yadata hakutazama nguzo. Alimtazama binti yake, akaanza kuhubiri. Akamtaja Raheli, jinsi alivyokalia miungu ya baba yake akasema hawezi kuinuka. Akasema nyumba haiwezi kubarikiwa ikiwa mmoja anaomba na mwingine anabomoa. Obse akainamisha kichwa, machozi yakamdondokea juu ya tumbo.

"Mwache mtoto," Sorse akasema. "Mwanamke hupaka shanga moja moja, kwa vidole. Hii imebandikwa kwenye nguzo, juu ya shanga, ikaachwa iyeyuke ishuke yenyewe. Aliyeiweka aliogopa kugusa."

Kahawa ikafurika motoni. Mimi, Mungu anisamehe, niliitazama kahawa ili nisimtazame Yadata.

"Siwezi kuzika mwingine, Mama Obse," akasema Yadata.

"Na mimi ninaweza? Kila jioni unatupigisha magoti, kumbe wewe mwenyewe unaona haitoshi."

"Naamini."

"Basi ile siagi ni ya nini?"

"Naamini, na ninaogopa."

Sorse akaketi chini kabisa, miguu ameinyoosha mbele. Nilimwona jinsi alivyozeeka, nikaona uchungu. "Mimi nimechoka," akasema. "Leo usituombee. Wala mvua, wala serikali. Kile ulichokwenda kuomba kwenye nguzo, mwambie Mungu, sisi tukisikia."

Yadata aliinuka nusu, nikadhani atatoka nje. Kisha akasema, "Bwana, naogopa. Usimchukue huyu naye." Akaishia hapo. Sorse akaitikia amina.

Nyuma ya mianzi Bibi Dirribe akamwita mwanawe kwa jina.

"Naam, mama."

"Njoo uzitoe. Nimezilisha siagi tangu nikiwa bibi arusi, na wanangu nimezika, na wajukuu nimezika. Zinajua kula tu. Ila zitoe kwa mkono wako mwenyewe. Usimtume mke wako."

Akazitoa. Siagi ikamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Akazipeleka uani, akazitia motoni, uzi ukaungua, shanga hazikuungua. Akazipondaponda kwa kisigino cha jembe, majirani wamesimama kwenye nyua zao wakitazama, na hapakuwa na kanisa la kumwimbia.

Obse alishikwa na uchungu siku ya soko. Mtoto alikuwa wa kiume. Alilia mara moja, sauti ndogo, tukashukuru, kisha akanyamaza. Tulimzika nyuma ya nyumba kabla jua halijafika kichwani.

Wanawake wakaja kukaa na Sorse kama ilivyo desturi. Warke alikuwapo, yule mke wa mhunzi, ambaye hajawahi kumeza neno lolote. Akaniinamia akanong'ona, mnong'ono wa kusikika mpaka barabarani, kwamba laiti wangeziacha zile shanga.

Sorse hakuinua kichwa. "Wale wawili wa kwanza walikufa shanga zikiwa palepale," akasema, "zimepakwa siagi na mwenyewe anayejua kupaka. Kunywa kahawa yako, Warke."

Warke akanywa.

Jioni wageni waliondoka, nikabaki mimi kuosha vikombe. Obse alikuwa amelala kando ya bibi yake. Saa ya sala ikafika. Sorse alikuwa ameegemea ukuta, nikajua hapigi magoti, maana aliniambia mwenyewe kule kisimani. Yadata naye alimwona. Nilingoja mahubiri. Badala yake akashuka kwenye kigoda chake, akapiga magoti peke yake kwenye udongo, karibu na miguu ya mkewe.

"Bwana," akasema, "umemchukua. Mama Obse amekuombea vya kutosha. Leo nimekuja mimi, kwa ajili yake."

Akaendelea polepole, na kila alipokwama akaanza tena. Kabla hajafika kwenye amina, Sorse alikuwa amelala usingizi palepale ukutani, mdomo wazi, na Yadata akashusha sauti ili asimwamshe.