Mkutano Usiopigiwa Kura

Kutoka Songea nilibadilisha basi Iringa, nikabadilisha tena Dodoma, nikashuka Arusha miguu imevimba. Nilidhani nitakaa msimu mmoja. Nikapanga chumba huko juu ya mtaa wa Sakina, kwa mjane wa Kiarusha mwenye ng'ombe wawili na shamba la migomba lililonyweshwa na mfereji unaoshuka kutoka Mlima Meru.

Mwaka wa pili ikapendekezwa barabara yetu ipanuliwe, na mfereji ulikuwa njiani. Ukifukiwa, migomba ya mama yule ingekauka. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano, akataka wanaounga mkono barabara wanyooshe mikono. Sisi wapangaji tulikuwa wengi, kwa hiyo jibu lilijulikana. Nami ndivyo nilivyosoma Uraia sekondari: siasa ni kura, utamaduni ni ngoma na mavazi, kila kimoja na sura yake.

Kabla mikono haijapanda, mjane akasimama. Marehemu mumewe na mwenyekiti walitahiriwa kipindi kimoja, na kwa Waarusha hilo ni rika, udugu wa maisha.

"Shemeji," akamwambia, "leo mke wa rika lenu anapigiwa kura?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Msemaji wa rika lao akamkumbusha taratibu kwamba jambo la maji huzungumzwa mpaka anayeumia naye aseme sawa. Mwenyekiti akakunja karatasi zake, akaenda kuketi majanini na wenzake.

Tulizungumza mpaka ng'ombe wakarudi. Hata wapangaji tuliulizwa. Nilisema nataka barabara, na hakuna aliyeninunia. Mwishowe ikakubaliwa magari yapite juu, maji yapite chini kwenye kalavati, na rika ndilo lichimbe. Mjane akauliza mabomba ya kalavati yatakuwa mapana kiasi gani. Alipoonyeshwa kwa mikono, akasema sawa.

Nilichimba nao, na kwa kuwa umri wangu ulikaribiana na wao, wakaniita mwenzao. Nimetangatanga miji mingi, lakini kwa hilo natembea kifua mbele. Siasa niliyoiona pale ilikuwa na shemeji ndani yake.

Siku niliyoondoka moja kwa moja, mvua ilikuwa imeleta tope. Nilimkuta mwenyekiti ndani ya mfereji, suruali imekunjwa, akizibua kalavati. Mjane alikuwa amesimama ukingoni akimwelekeza pa kuchimba. Mwenyekiti alininyooshea mkono wenye tope, nikaushika, naye akarudi kuinama.